Fundi Alivyogawa Diski ya Mama Mshonaji

"Picha za harusi ya mwanangu umezimeza?" Shoga, hivyo ndivyo Mama Mshonaji alivyomfokea fundi kompyuta wa mlango wa pili, korido nzima ikisikiliza.

Kompyuta yake ilikuwa inajikokota. Fundi akaigawa diski sehemu mbili, mfumo huku, mafaili yake kule. Sasa inawaka upesi, ila bibie haoni picha hata moja.

Mama mwenye nyumba naye kaja, mikono kiunoni. "Fundi, hutoki hapa mpaka zionekane."

"Zipo sehemu ya pili, mama. Nifungue?"

"Fungua mbele ya watu wote," akadakia Mama Mshonaji.

Shoga, kasema MWENYEWE. Mbele ya watu wote.

Picha za harusi zote zimo. Pamoja nazo kuna video, fundi akaibonyeza kutuonyesha kasi. Kumbe ni mama mwenye nyumba anacheza na ufagio uani, na sauti ya mshonaji inacheka dirishani: "Tazameni gunia linavyokata kiuno."

Na video haikukwama hata kidogo.

Mama Mshonaji akamgeukia mama mwenye nyumba. "Dada yangu, mbona umesimama mlangoni? Ingia ndani, chakula kipo tayari."