Vidole vya Mama Kabula

Jumatano, Mwakitolyo

Na bosi bado anaiita programu yetu ya simu ya wachimbaji "laini kama siagi"! Miezi mizima tulibandika vikaratasi vya rangi vyenye mawazo yetu kwenye ukuta wa ofisi, tukijisifu kwamba tunamfikiria mtumiaji.

Leo nimempa simu Mama Kabula, mponda mawe ya dhahabu, ajaribu kuita msaada kana kwamba shimo limeporomoka. Programu ikadai alama ya kidole. Akabonyeza mara sita. Ikamkataa.

"Vidole vyangu vimelika na mawe, mwanangu. Hamkuuliza?"

Hatukuuliza. Mumewe huingia shimoni kila siku.

Nimempigia bosi. Ameuliza kama mama amependa rangi ya kitufe.

Nimeliondoa sharti la alama ya kidole bila ruhusa. Naogopa kufukuzwa, lakini Mama Kabula amejaribu tena, na ombi limekwenda.