Shangazi, Ulijua Kuhusu Ile Mistari Miwili

Shangazi Zaina,

Jana Mama Keza, jirani yako, aliniambia jambo. Sijui nimwambie nani mwingine.

Unakumbuka mmea wako wa dawa, umuravumba, ulivyoanza kunyauka bustanini, ule ambao nusu ya mtaa wetu wa Nyamirambo huja kuomba majani yake wakikohoa? Ukiung'oa, mizizi imeoza, myeusi kama masizi. Ulimwaga majivu, ukachoma miche iliyougua, wapi. Mimi nikarudi kutoka mafunzo ya wakulima kule Niboye na paketi ya unga wa ukungu mzuri, unaoizunguka mizizi na kuushinda ule unaoozesha. Hukutaka hata kuishika. "Ukungu ni ukungu, Mwajuma. Watu wanakunywa haya majani."

Nikairudisha kwenye mfuko wangu. Siku uliyokwenda msibani Biryogo, nikauchanganya na samadi, nikautia kwenye mistari miwili ya ukutani. Nikajiambia nitakueleza ikishapona.

Halafu ukaanguka jikoni, kikombe mkononi. Nilipofika walikuwa wameshakufunika. Hivyo tu. Asubuhi ulikuwa umenituma sabuni.

Baada ya arobaini niliingia bustanini. Yote imekauka, isipokuwa ile mistari miwili: imesimama, majani manene, inanukia. Niliona aibu kufurahi.

Sasa Mama Keza anasema ulijua tangu wiki ya kwanza. Uliiona paketi tupu kwenye mfuko wangu, na samadi mpya pale ukutani. Hukung'oa kitu. Kila asubuhi ulichuma majani ya mistari ile, ukayachemsha, ukanywa peke yako kwanza, usimpe mtu kitu usichokijua. Alipokuuliza mbona hunigombezi, ukamjibu, "Nasubiri aniambie mwenyewe."

Shangazi, nilikaa chini palepale kwenye tope. Nilifikiria kile kikombe. Nikasema nimekuua.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kwa mwalimu wa yale mafunzo, kanga imejaa udongo. Akaniuliza daktari alisema nini. Presha, nikamwambia, mshipa wa kichwani ulipasuka. Na vidonge vyako tulivikuta kabatini havijaguswa. Akanieleza polepole kwamba ukungu ule hukaa udongoni na kwenye mizizi, haupandi kwenye majani kumdhuru anayeyanywa. Nililia mbele ya watu nisiowajua.

Hofu hiyo imeniondoka. Lakini ulinisubiri. Wiki zote zile tulikula sahani moja, ukaniangalia, ukasubiri, nami nikawa nakusimulia habari za sokoni.

Basi nasema sasa: ni mimi, Shangazi. Niliutia bila ruhusa yako. Nisamehe.

Nitapanda upya bustani nzima, na ukungu ule nitautia kila shimo. Atakayekuja kuomba majani nitamwambia kwanza nimetia nini. Akikataa, ni haki yake. Ijumaa nitakuja makaburini nikuambie haya kwa mdomo wangu, hata kama watu watanishangaa.

Pumzika, Shangazi yangu.

Mwajuma