Miaka Mitatu ya Mghoi

Jumatatu, 11 Agosti
Nimepima sukari. Nimemwagilia miche ya parachichi. Fundi Mutua amekuja kutoka Mwatate kupima kaburi la dada yangu Mghoi. Tarehe 23 atatimiza mwaka tangu afe, nasi tunaondoa msalaba wa mbao na kujengea simiti. Kauliza mwaka wa kuzaliwa. Nikamwambia anakili ulioko kwenye mbao: 1970.
Si kweli. Nimeshindwa kula chakula cha mchana.

Jumanne, 12 Agosti
Niandike vizuri, walau mahali pamoja.
Mghoi alizaliwa 1967. Mwaka 1993 shirika la ndege lilitafuta wahudumu wasiozidi miaka ishirini na mitano. Yeye alikuwa na ishirini na sita. Siku hizo wengi tuliozaliwa nyumbani, huku milimani, hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Ulikiomba ukubwani, kwa barua ya mtu anayeaminika, chifu akagonga muhuri. Mtu anayeaminika alikuwa mwalimu, na mwalimu nilikuwa mimi. Nikaandika 1970. Chifu hakuuliza. Mama alijua, naye sasa ni marehemu. Nimebaki peke yangu.

Ijumaa, 15 Agosti
Leo nimeona sinia la bati jikoni. Kabla ya usaili, Mghoi alijizoeza nalo hapa kwenye matuta ya shamba, ambapo hata mbuzi huteleza. Vikombe sita vya chai, shingo wima. Mimi na Mama tulikaa kwenye viti vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Sisi ndio abiria.
"Chai au kahawa, bwana?"
"Kahawa."
"Kahawa imekwisha, bwana. Funga mkanda."
Kahawa haikuwahi kuwako nyumba hii. Mama alicheka hadi akamwaga chai yake.
Alipoajiriwa alimletea Mama vile vipakiti vidogo vya sukari vya kwenye ndege. Mama aliviweka kwenye kopo, akawafungulia mchungaji na wageni wa mbali tu. Kopo lipo. Vipakiti vimegandamana kama mawe.

Jumatatu, 18 Agosti
Sijalala vizuri. Nililoandika Jumanne ni nusu.
Kazini kwao walistaafu wakiwa na hamsini na mitano. Kwa miaka ya kweli, Mghoi angepumzika 2022. Kwa miaka niliyomwandikia, angepumzika mwaka huu. Alikufa mwaka jana, katika chumba cha hoteli, nchi ya watu, kati ya safari mbili. Moyo. Sare yake ilikuwa imeshapigwa pasi.
Na hilo bado si lote. Mwaka huohuo wa 2022 alinipigia simu. Miguu inavimba, akasema, viatu haviingii. Halafu: "Kaka, nirudishie miaka yangu." Alitaka niandike barua nyingine, nikiri kosa.
Nilimweleza. Mimi hueleza sana. Kwamba watamnyima haki zake, kwamba miaka mitatu si mingi, avumilie. Kuhusu haki zake sikuwa na hakika. Nililoogopa ni jina langu: mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye kughushi. Akasema, "Haya, Mwalimu." Hakuniomba tena.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimempokea Wakio stesheni ya Voi. Ni mtoto pekee wa Mghoi. Anatembea kama mama yake, kama aliyebeba kitu kinachomwagika. Nilikusudia kumwambia njiani. Nikamweleza habari za mkonge, bei yake, nani alilima wapi. Mwatate tukafika. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 22 Agosti
Mutua amemimina simiti asubuhi. Akasawazisha, akaandika kwa msumari jina, kisha 1970. Nikamwambia asimame.
"Mwalimu, simiti haingoji kengele. Kama kuna kosa, sema."
Nikamwambia Wakio, mbele ya Mutua, maana ningengoja Mutua aondoke nisingesema kamwe. Nikataja cheti. Alitabasamu kidogo, nadhani aliona ni ujanja wa kale. Kisha nikataja simu ile. Tabasamu likaisha.
"Alikuambia amechoka?"
"Aliniambia."
"Mimi aliniambia yuko sawa. Wewe ulijua, Mjomba."
Sikueleza. Kwa mara ya kwanza sikueleza chochote.
Alichukua mwiko wa Mutua, akapiga magoti, akausugua ule mwaka mpaka ukafutika. Akaninyooshea msumari.
"Andika wewe. Ile ya cheti pia uliandika wewe."
Mutua akageuka, akajifanya anaosha ndoo. Nikaandika 1967. Saba imepinda.

Jumamosi, 23 Agosti
Ibada. Watu wengi. Mzee mwenzangu wa kanisa aliusoma mwaka, akanitazama, akausoma tena. Nilimwambia nitakuja mbele ya baraza Jumapili ya pili, nieleze. Akasema, "Sawa, Mwalimu." Sauti ilikuwa tofauti.
Wakio aliwagawia wageni chai kwa sinia lile la bati. Mimi alinipita.

Jumapili, 24 Agosti
Wakio amerudi Nairobi kwa treni. Alinishika mkono kuniaga. Hakusema atakuja tena.

Jumatano, 27 Agosti
Nimepima sukari. Mutua aliniagiza: simiti imwagiliwe asubuhi na jioni, siku saba, isije ikapasuka. Hii ni siku ya tano. Nimeanza na kaburi, kisha miche.
Simu haijalia.
Maji husimama kidogo kwenye ile saba, halafu yanaingia.