Mkwe Wangu Ndiye Mwenzi Wangu wa Kuzamia, na Binti Yangu Amebaki Nchi Kavu

Mpendwa Bi Teofila, naomba msaada wako kama unavyowasaidia wasomaji wengine gazetini, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama mwanzoni utacheka, maana padri wetu naye nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani, na kicheko chake hakikunisaidia kitu.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mitatu, nakaa hapa mjini Bytom, na jambo linaloninyima raha ni safari ya kwenda kuzamia Bahari ya Shamu mwezi Januari, mimi na Radek, mume wa binti yangu Jagoda. Naam, umesoma sawasawa, mama mkwe na mkwewe, na najua watu wanavyosema huko nje, kwamba tukishavaa zile suti nyeusi za mpira tunafanana na sili wawili waliotoroka kwenye bustani ya wanyama, lakini wasemao hawajui tulikotoka. Mume wangu Alojzy alipofariki mimi nilikaa dirishani, sipiki, sitoki, nazima simu, na Jagoda alikuwa akija analia nami, tunalia wote wawili mpaka chai inapoa, hadi Alhamisi moja Radek akaja peke yake akasimama mlangoni na kofia yake imejaa theluji, akasema, “Mama, tafuta nguo ya kuogelea.” Nikamwambia, “We Radek una wazimu? Mimi niogelee na makunyanzi haya?” Akasema, “Makunyanzi hayazami, Mama. Twende.”

Akanipeleka bwawa la manispaa ambako anafundisha wazamiaji, akanifunga mtungi wa hewa mgongoni, akanishika mikono, tukashuka, na kule chini nikasikia kitu kimoja tu, pumzi yangu mwenyewe inaingia na kutoka, na nikakumbuka kwamba ningali hai, Bi Teofila, sijui niseme vipi vingine. Tangu siku hiyo sijatazama nyuma. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikaanza kuzamia naye kwenye machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji, maji ya baridi ya kufa ganzi midomo, giza tupu, cha kutazama ni basi bovu walilolizamisha makusudi na samaki mmoja mwenye huzuni, na kila tukitoka tunatetemeka huku tunakunywa supu ya moto garini Radek alikuwa akisema, “Iko siku, Mama, nitakupeleka kwenye maji yenye joto.”

Basi vuli hii tukaanza kuipanga hiyo siku. Wiki nzima tutakaa kwenye mashua, tunalala humo humo, tunaamka tunashuka kwenye matumbawe, na mimi nimejifunza majina ya samaki kwenye kitabu chake, yule mwenye mdomo kama kasuku, yule anayejifura kama mpira, yule simba mwenye miiba ya sumu ambaye hutakiwi hata kumsogelea, tumejadili suti nyembamba au nene, tumejadili vipande vingapi vya risasi vya kufunga kiunoni ili tuzame, kwa sababu maji ya chumvi nyingi yanakusukuma juu, na haya yote tunayajadili wapi? Kwa Jagoda, Jumapili, mezani.

Jagoda hazamii. Si mwoga. Alifanyiwa upasuaji wa sikio akiwa mdogo, na daktari alisema kichwa chake kisiende chini ya maji kabisa, hata bwawani, na tangu hapo akipita karibu na maji hupita tu. Yeye ni mwimbaji wa kwaya ya parokia, ana sauti ya baba yake.

Sasa, Jumapili moja ya Novemba, Radek amepanga vyombo mezani kunionyesha ramani, anasema, “Mama, hapa kwenye bakuli la kabichi ndipo ukuta wa matumbawe unapoanzia, tukishuka hapa mkondo wenyewe unatubeba, sisi hatupigi hata teke, mpaka kwenye bakuli la mchuzi.” Jagoda akaingia na sufuria ya matonge ya viazi, akasema, “Jamani, ondoeni Bahari ya Shamu mezani, watu wapate kula.” Tukacheka. Akaendelea kusimama. Akasema, “Nina habari.” Na Radek, bila kuinua kichwa, akasema, “Subiri kidogo, mpenzi, tuko mita kumi na nane chini ya maji.” Mimi nikacheka tena, Mungu anisamehe, ilikuwa inachekesha. Akaketi, akapakua, tukala nyama, na juma lile lile tukalipia mashua.

Kufika Desemba, niko kwenye foleni ya mkate, jirani yangu Bi Hildegarda akanikumbatia mbele za watu: “Hongera, hongera! Wewe lazima utakaa kiti cha mbele.” Nikajibu, “Ndiyo, ndiyo, mbele kabisa,” nami sijui tunazungumza nini. Nikaenda kanisani, nikakuta tangazo mlangoni: tamasha la nyimbo za Noeli siku ya sikukuu ya Mamajusi, tarehe sita Januari, na chini yake, kwa herufi kubwa, mwimbaji wa peke yake, jina la binti yangu. Miaka yote hii ameimba mstari wa pili nyuma ya nguzo. Na siku hiyo ya Mamajusi ndiyo siku ya pili ya mashua yetu.

Nilikwenda kwake mbio, nikamkuta anapiga pasi. Nikamuuliza, “Mbona hukutuambia?” Akasema, “Niliwaambia, Mama. Mlikuwa mita kumi na nane.” Hakupaza sauti. Heri angepaza. Nikamwambia basi safari haipo, akasema nendeni tu, nimezoea kuwa mtu wa nchi kavu, halafu akaweka pasi chini akanitazama kama alivyokuwa akinitazama baba yake: “Ila Radek usimwambie. Tangazo analipita kila siku. Nataka nione kama ataliona mwenyewe.” Nami, kwa kuchanganyikiwa, nikaahidi.

Sasa Radek anapita na mapezi yake ya miguuni mkononi anapiga mluzi, hajaliona tangazo wala hataliona, huyo mtu haoni kitu chochote kisichokuwa na magamba, na Jagoda anamtazama akipiga mluzi, na mimi niko katikati. Nikisema, nimevunja ahadi kwa mwanangu. Nikinyamaza, namtazama mkwe wangu aliyenitoa dirishani anatembea kuelekea shimoni. Nimefikiria kujifanya naumwa, niseme moyo unanidunda, safari ife yenyewe bila mtu kulaumiwa. Wapo wanaosema niache mambo haya kabisa, niwe bibi wa kawaida wa kufuma soksi. Niache? Nifanye nini, Bi Teofila? Nawapenda wote wawili, na yeyote nitakayemshika naona namwachia mwingine.

Wiesława, Bytom

*

Bi Wiesława mpendwa,

Siku ni chache, kwa hiyo nakujibu kwa posta kwanza, gazeti litasubiri.

Nilicheka, kweli. Nilicheka kwenye sili, nikacheka kwenye bakuli la kabichi, na nilipofika kwenye pasi nikaacha kucheka. Wewe si mtu mbaya. Mwanamke aliyefiwa akajifunza kupumua upya kwenye maji ya barafu, na mkwe aliyemwendea na theluji kichwani, hao ni watu ambao wengi wanaoniandikia wangewatamani nyumbani mwao. Usiache kuzamia. Soksi waachie wanaozipenda.

Lakini sasa nikuambie, na usinune. Umenieleza samaki mwenye mdomo wa kasuku, samaki mpira na samaki simba. Umenieleza risasi za kiunoni. Binti yako ataimba wimbo gani? Hukuniambia, na nadhani ni kwa sababu hukumuuliza. Hata siku ile ulipokimbilia kwake, ulikwenda na “mbona hukutuambia,” kana kwamba kosa ni lake. Kamuulize. Kabla ya mengine yote, kamuulize ataimba nini, kisha funga mdomo usikilize mpaka amalize.

Kuhusu kujifanya unaumwa: nisisikie tena. Mzamiaji anayemdanganya mwenzake kuhusu moyo wake hafai kushuka hata kwenye beseni. Leo utadanganya ili usishuke, kesho utadanganya ili ushuke, na Radek atakuwa chini huko na mtu asiyeweza kumwamini.

Kuhusu ahadi: ulipewa mzigo ambao haukuwa wako, na unaruhusiwa kuurudisha. Jagoda ameumizwa, ana haki ya kukasirika, ana haki ya kuvunja sahani mbili tatu kama anazo za ziada. Hana haki ya kumtegea mumewe mtego na kumfanya mama yake mlinzi wa mtego. Mwanamume ukimjaribu kwa kunyamaza atashindwa, Bi Wiesława, hata aliye bora, tena aliye bora ndiye hushindwa vibaya zaidi kwa sababu anapiga mluzi. Nenda kwa Jagoda uso kwa uso umwambie: “Mwanangu, siri hii siiwezi, nakurudishia. Mwambie wewe leo, au nitamwambia mimi, nawe uwepo.” Usimwambie Radek kwa mlango wa nyuma. Jagoda akiwakuta ninyi wawili mmeshauriana tena pembeni, yatakuwa yale yale ya mezani.

Na kiti chako cha mashua kiache tangu sasa, usisubiri Radek aamue nini. Usimfanyie Jagoda maringo, usimwambie “nimejinyima kwa ajili yako.” Kiache tu. Bahari ya Shamu imekuwapo tangu enzi za Musa, Februari mtaikuta.

Mwisho, na hili mlishike wote wawili, wewe na huyo mtu wa magamba: msimkokote kwenye mashua ili kumfariji. Mtaona ni wazo zuri sana, nawajua watu wa namna yenu. Muulizeni anataka nini. Akijibu kitu ambacho hamkukitegemea, mfanyieni hicho hicho.

Nenda leo. Vaa kofia, nje kunateleza.

Teofila

*

Wasomaji, barua hizi mbili ziliandikwa kabla ya Noeli. Mwishoni mwa Februari nilipata nyingine, na mwenyewe amenipa ruhusa niitoe hapa.

Mpendwa Bi Teofila,

Nilikwenda siku ile ile barua yako ilipofika. Jagoda alikasirika, akaniambia mimi siku zote niko upande wa Radek, nikamwambia leo siko upande wa mtu, niko jikoni kwako. Akakuna meza kwa ukucha. Nikamuuliza ataimba nini. Akaniambia, halafu akaanza kunieleza mahali panapomtisha, sauti inapopanda ghafla na kinanda kinanyamaza anabaki peke yake, na nikagundua kwamba binti yangu naye anajua hofu ninayoijua mimi.

Radek aliporudi, Jagoda alimwambia mwenyewe, nami nipo. Radek aliketi sakafuni, koti lake bado mwilini. Hakujitetea. Alisema, “Nilisikia uliposema una habari. Nilisikia kabisa. Nikasema nitauliza baadaye.” Jagoda akasema, “Hukuuliza.” Akasema, “Sikuuliza.” Walikaa hivyo, nikachukua kofia yangu nikaondoka, na sijui waliambizana nini, wala si kazi yangu kujua.

Mashua iliondoka bila sisi. Tulikaa kiti cha mbele, kanisa baridi mpaka pumzi inaonekana, na pale kinanda kiliponyamaza Radek alinishika mkono kwa nguvu kama mwanafunzi wake wa kwanza bwawani. Jagoda akapanda na sauti, akafika juu, akakaa huko juu kama hana haraka ya kushuka. Bi Hildegarda alilia kwa sauti, watu wakamtazama.

Uliyoyatabiri yalitokea. Tulimwambia Jagoda njoo nasi Februari, kuna mashua, kuna jua, utakaa juu. Akasema, “Nikafanye nini huko, niwashikie taulo?” Tukamuuliza basi unataka nini. Hakufikiri hata kidogo. “Nataka nyumba hii wiki nzima peke yangu. Hakuna mtungi barazani, hakuna suti inayodondosha maji bafuni, hakuna mtu. Nendeni.”

Tumekwenda, Bi Teofila. Sikuelezi samaki. Nitasema tu kwamba maji yalikuwa ya joto, na nililia ndani ya miwani ya kuzamia, na nilijua namna ya kuyatoa machozi kwa sababu Radek alinifundisha. Jioni ya tatu nilimpigia Jagoda simu. Alikuwa amekula mkate na jibini mbele ya televisheni, amelala saa anayotaka, anasikika kama msichana. Radek alikuwa pembeni, nywele zimejaa chumvi, hathubutu kuiomba simu. Nilipokata akaniuliza, “Amenitaja?”

Nikamwambia, “Amesema tusirudi kabla ya Jumapili.”

Akainamisha kichwa.

“Na amesema kitanda chote ni chake,” nikamwambia, “ila bado analala upande wake tu.”