Idhini ya Swafiya

Amu, 6 Januari 2025

Dada yangu Swafiya,

Assalaam alaikum warahmatullah. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na mama naye kikohozi kiwe kimempungukia. Mimi sijambo, ila goti la kulia limechunika, na habari zenyewe zinaanzia hapo.

Nimeona niandike, nimpe Gharib wa boti akuletee, kwa sababu simu ya nyumbani ni ya mama na kila ujumbe husomwa kwa sauti mbele ya majirani. Mengine si ya masikio ya Bi Hindu.

Jumamosi mimi na Shukri tuliazima punda wawili, tukashindana kutoka gatini mpaka mwisho wa barabara ya pwani. Punda wangu aliona maganda ya embe akasimama ghafla. Mimi sikusimama. Watalii walipiga picha, na mzee mmoja aliniinua huku akinisomea innalillahi kama nimekufa. Jioni tukaenda banda la video kutazama mpira wa Uingereza, na hapo, dada, magharibi ikanipita. Nilisikia adhana. Nikasema dakika moja, nikasema moja tena.

Jumapili mwalimu wa darsa akasema mchezo ni wavu wa shetani. Nilihisi ananitazama mimi. Lakini nikuulize wewe uliyesoma: mbona nikiwa golini namkumbuka Mungu kuliko nikiwa kwenye swala? Kila penalti nasoma Ayatul Kursi. Hiyo ni ibada, au ni mchezo juu ya mchezo?

Nijibu. Usimwambie mama habari ya punda.

Nduguyo,
Husni

*

Pate, 14 Januari 2025

Ndugu yangu Husni,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima, alhamdulillah. Mama anakohoa asubuhi tu. Ya punda ameshayajua. Gharib alimweleza kabla hata hajanipa barua yako.

Nimecheka peke yangu jikoni hata wali ukashika chini. Kuhusu suali lako, mwalimu wako ana haki ya kuonya, lakini Mtume, rehma na amani zimshukie, alishindana mbio na Bi Aisha, na hakuna aliyemwambia ni wavu wa shetani. Mchezo hauna dhambi mpaka uchukue cha mwingine. Magharibi ile ilikuwa ya Mola wako, ukampa refa. Ilipe, kisha ucheze.

Nami nina mchezo wangu. Jumamosi nikimaliza kusomesha watoto Kurani chuoni huenda kwa Nasreen kutazama tamthilia ya Kituruki. Kuna mama mkwe mmoja pale, nikimuona hushika tasbihi nisije nikamtukana. Nasreen hulia kila kipindi. Mimi hula karanga zake wakati analia.

Nina jambo jingine, la kwako peke yako. Mwezi wa tano chuo cha ualimu huko Amu kinachukua wanafunzi. Watoto hawa nawasomesha kwa kubahatisha. Nataka nijue kusomesha hasa. Nikija, tutakaa karibu, nawe utanipikia.

Dadako,
Swafiya

*

Pate, 29 Januari 2025

Ndugu yangu Husni,

Salamu na dua. Hujajibu ile ya kwanza, lakini mambo yamekuja mbio.

Nimeposwa. Ni Dawud wa Kiunga, mwenye duka la nyavu na mashine za boti. Alikuja na watu wazima wawili, wakapokewa na ami Barka. Ni mtu wa swala, hasikiki kwa baya, amenizidi miaka mingi kidogo. Mama analia kwa furaha. Tangu baba afariki sijamuona hivi. Nilimwambia Kiunga ni mbali, akasema, "Mwanangu, ndia ya heri haina umbali." Nikanyamaza.

Nikaha ni Jumamosi tarehe kumi na tano, baada ya alasiri. Wamefanya haraka kwa ajili ya Ramadhani. Baba hayupo, babu hayupo, kwa hiyo walii wangu ni wewe. Wewe ndiye wa kuja kukaa mbele yangu kuniuliza kama nimeridhia, kabla hujaenda msikitini kuniozesha.

Nakuomba uje na boti ya Ijumaa. Usingoje Jumamosi. Nina neno nataka unisikilize kabla hujaniuliza, nalo si la kuandika.

Dadako,
Swafiya

*

Amu, 4 Februari 2025

Dada yangu Swafiya, bibi arusi,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nami nimetembea mtaani kama mtu aliyepewa cheo. Mimi, walii! Shukri ananiita Sheikh tangu jana.

Nitakuja Ijumaa, inshallah. Kanzu ninayo, koti la baba lipo kwa mama. Nimemuuliza imamu maneno ya kuozesha, nayasoma nikioga.

Na kuna habari nyingine njema. Timu yetu ya mtaa imeingia fainali! Ni Jumapili tarehe kumi na sita. Nitakuozesha Jumamosi, Jumapili alfajiri nipande boti, nifike uwanjani. Mungu amepanga vizuri.

Hilo neno lako liweke. Tutalizungumza Ijumaa tukila.

Nduguyo na walii wako,
Husni

*

Amu, 17 Februari 2025

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaikum, na hongera, Mungu aijaalie ndoa yenu kheri na baraka. Natumai mko salama wote.

Najua umenikasirikia. Ami Barka bila shaka amekueleza: Alhamisi jioni wakaiwahisha fainali kwa siku moja, ikawa Jumamosi, kwa sababu uwanja ulikuwa na shughuli nyingine. Kipa wetu wa akiba ameteguka kidole. Shukri na wenzake walikuja chumbani kwangu wakakaa kitandani, hakuna aliyenilazimisha, lakini hakuna aliyeondoka. Nikampigia ami. Akasema yeye ni ami yako, sheria inaruhusu nimuwakilishe, yaani nimfanye wakili wangu, hata kwa simu. Nikaona basi, sheria imeruhusu.

Alipopiga tulikuwa mapumziko. Nilitamka vizuri, si nilitamka vizuri? "Nimekuwakilisha umuozeshe dada yangu Swafiya kwa Dawud, kwa ridhaa yake." Refa alikuwa ameshapuliza, lakini sikuacha neno hata moja.

Tulishinda kwa penalti. Nilizuia mbili. Walinibeba mabegani mpaka mtaani, nami nikawa nawaambia, dada yangu ameolewa leo, wakazidi kupiga makelele.

Nikumbushe lile neno ulilotaka kuniambia. Niandikie.

Nduguyo,
Husni

*

Amu, 4 Aprili 2025

Dada Swafiya,

Assalaam alaikum warahmatullah. Idi njema, ingawa imepita. Wote wazima, nami mzima. Sijapata jibu lako. Nilijiambia ni shughuli za arusi, kisha nikajiambia ni Ramadhani.

Nilikwenda Pate kwa Idi. Nyumba ilikuwa baridi bila wewe. Mama alinipikia, akanitazama nikila, hakuniuliza mpira wala darsa. Nilimuuliza kama uko salama Kiunga. Akasema uko salama. Baadaye, akiosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Ungalikuwako wewe, pengine angalisema."

Nikamuuliza angesema nini. Akasema hajui, akaniambia nikachote maji.

Nilikwenda pia kwa Nasreen. Yeye alinisalimia kutoka ndani, mlango hakufungua.

Dada, kuna nini? Mwezi mzima wa Ramadhani niliswali tarawehe, sikukosa, nami kila nikisimama sikuyasikia maneno. Kombe liko kwenye kabati la Shukri. Nilikuwa nikienda kulitazama, sasa siendi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Nduguyo,
Husni

*

Kiunga, 11 Mei 2025

Ndugu yangu Husni,

Waalaikum salaam. Mimi mzima, na Dawud mzima, anakusalimu. Barua zako zote zimenifikia. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kibaya, nikakichana.

Umeuliza, nami nitakwambia mara moja.

Neno langu lilikuwa kwamba sitaki. Si kwa ubaya wa Dawud, sina doa la kumtia. Nilitaka kusoma kwanza, na moyo wangu haukuwa kwake. Mama singeweza kumwambia, alikuwa amerudi kuwa mtu. Ami singeweza kumwambia, yeye ndiye aliyewapokea. Nikajiambia: Husni atakuja Ijumaa, nitamwambia. Na hata nikishindwa Ijumaa, Jumamosi atakaa mbele yangu aniulize, na Husni akiniuliza sijawahi kumficha. Yeye ndiye walii, akisema haiwezekani, haiwezekani.

Ijumaa boti ilikuja, akateremka Gharib peke yake.

Jumamosi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia, nimepakwa hina. Ami alikupigia simu ukumbini akaiweka kwa sauti kubwa ili mashahidi wasikie. Nikasikia kishindo cha watu. Nikakusikia ukisema maneno yale mbiombio, na nyuma yako watu wakikuita urudi golini. Mmoja wa mashahidi akacheka. Kisha ami akaja penye pazia akauliza, Swafiya, umeridhia?

Sikuweza kusema ndiyo, na la sikuweza kumwambia ami. Nikanyamaza. Akauliza tena. Mama akasema, "Kimya cha mwanamwari ndiyo idhini yake." Ni kweli, imo katika hadithi, mimi mwenyewe nimeisomesha. Wakaenda msikitini.

Chuo cha ualimu kimefungua wiki iliyopita. Nasreen ameingia.

Swafiya

*

Amu, 20 Mei 2025

Dada yangu,

Assalaam alaikum. Sijui niandike nini katika kuuliza afya.

Niliisoma barua yako msikitini, kwa kuwa chumbani Shukri alikuwapo. Imamu alikuja kuniuliza kama nimefiwa. Nilimweleza yote. Akasema nikaha yako ni sahihi, hakuna aliyevunja sheria. Nikamwambia hilo ndilo linaloniumiza. Laiti ningekuwa nimevunja sheria, ningejua pa kutubia.

Nimeacha mpira. Wenzangu wamekasirika. Najua hilo halikusaidii kitu.

Dada, mimi bado ni nduguyo. Nitakuja Kiunga mara jibu lako likinifikia. Nitakaa mbele yako kama nilivyopaswa, nami nakuuliza hapa hapa kabla sijafika: umeridhia? Ukisema la, nitakwenda kwa kadhi, nitasema na ami, nitasema na mama, nitasimama mbele ya Dawud mwenyewe. Sitaogopa mtu. Na nafasi ya chuo utaipata hata mwakani. Nijibu tu neno moja, nami nitapanda boti.

Nisamehe.

Nduguyo,
Husni

*

Kiunga, 15 Juni 2025

Ndugu yangu Husni,

Salamu za Mungu zikufikie. Afya yangu ni njema kwa hali niliyonayo. Nina mimba, mama ameshaambiwa.

Umefanya vizuri kungoja jibu usije. Usije kwa ajili hiyo.

Suali lako nimelisoma, nimelia. Ndilo lenyewe, kwa maneno niliyotaka kuyasikia, na lingeulizwa Februari ningelijibu kwa neno moja. Sasa halijibiki hivyo. Dawud hajanikosea. Aliambiwa nimeridhia, akaamini, kama mtu yeyote angeamini. Juzi nilipotapika aliosha sakafu mwenyewe, akaniletea ndimu, akakaa mlangoni. Nimpeleke kwa kadhi kwa kosa gani? Namuomba Mungu anipe kumpenda. Siku nyingine naona dua inakaribia. Siku nyingine natazama boti zinazokwenda kwenu, naingia ndani.

Usiache mpira. Haukuwa mpira. Ulikuwa na siku moja ya kuwa baba kwangu, ukampa ami. Kosa lingekuwa lile lile hata kama ungekuwa umekwenda kufua nguo.

Kusamehe nimekusamehe, kwa kuwa Mungu amependa tusameheane, na mimi nataka Naye anisamehe. Lakini Husni, sitaweza kukwambia mambo yangu kama zamani, wala sitaki kusikia yako, ya punda na ya Shukri na ya moyo wako. Yananiuma. Pengine itapita. Ukiniandikia, niandikie kama watu wanavyowaandikia jamaa walio mbali: afya, mvua, mama. Nitakujibu.

Swafiya

*

Amu, 7 Julai 2025

Kwa Bi Swafiya,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai wewe na bwana Dawud mko wazima, na mimba inakwenda salama. Sisi huku wazima, alhamdulillah.

Mama nilimuona wiki iliyopita. Kikohozi kimeondoka, anakula vizuri. Amemaliza kushona nguo za mtoto, Gharib atazileta boti ikija huko. Ami Barka anasumbuliwa na mgongo kidogo. Mvua imenyesha Pate siku tatu, dari la jikoni lilivuja, nimeliziba.

Jua la hapa si kali mwezi huu.

Nisalimie bwana Dawud. Sina la zaidi.

Nduguyo,
Husni