Jiko la Gundi

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo huko kwa shangazi yako? Kikohozi kimepungua? Sisi hapa tu wazima, ila maneno ndiyo hayalali. Tangu karakana ya useremala iungue nawe ukaondoka, kila kona wanasema wewe uliyefunga mlango jioni ile ndiye uliyeacha lile jiko la umeme la kuyeyushia gundi likiwaka. Jana bombani niligombana na mke wa tajiri wako. Nilimwambia, "Mwanangu simjui kwa kuambiwa, nimemzaa. Hakuliacha." Akaniuliza, "Ulikuwepo?" Nikaisukuma ndoo yake nje ya foleni.

Usijali. Wote wakikukana, mimi nakuamini.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha; shangazi amenishindilia dawa mpaka kikaona bora kihame.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ahsante, lakini haikunisaidia. Swali la mke wa tajiri ni swali zuri. Ulikuwepo? Wewe unaniamini kwa sababu mimi ni wako, naye ananishuku kwa sababu karakana ilikuwa yake. Mizani gani hiyo, kila mtu ameikalia?

Mimi mwenyewe sijui. Nakumbuka nikibonyeza swichi na taa nyekundu ikizimika. Lakini nimefanya hivyo kila jioni tangu niajiriwe, na jioni zote zinafanana. Huenda ninayoikumbuka ni ya juzi yake. Nikilala nimezima, nikiamka nimeacha.

Kama unanipenda, acha kunitetea. Nenda ukaangalie. Utakachokiona niandikie, hata kama kitaniuma.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumai u mzima. Kimya changu kilikuwa hasira. Mtu unamkinga mvua, naye anauliza mwavuli umetoka wapi! Nilishona vifungo kombo wiki nzima, wateja wakarudisha nguo. Mwisho nikajiuliza, kwani naogopa nini kwenda? Nikajijibu, naogopa kuona. Hapo nikajua hata mimi sikuwa na hakika. Nilikuwa na mapenzi tu, nikayashonea joho la hakika.

Nikaenda kwa mke wa tajiri, nikamwomba radhi kwa ile ndoo, nikamwomba pia aniruhusu kuingia karakana. Akasema, "Unakwenda kumsafisha mwanao." Nikamwambia, "Nakwenda kuangalia. Njoo tuangalie wote, na fundi umeme umchague wewe." Akavaa viatu. Akamwita mpwa wake, ambaye ndiye fundi umeme wao.

Sasa nakuandikia kama nilivyoona.

Swichi ya jiko la gundi imeyeyuka nusu, lakini bado inasomeka. Imebonyezwa upande wa kuwaka. Hukuzima, mwanangu. Mke wa tajiri alishusha pumzi ndefu. Mimi nikaegemea ukuta, gauni likajaa masizi. Akasema, "Basi, tumeona." Nami nilitamani kwenda nyumbani nikajifungie. Lakini nikasema, "Tumeona swichi. Moto hatujauona."

Tukarudi kuangalia. Kabati lililo juu ya jiko limeungua upande mmoja tu, ule unaotazama msumeno mkubwa. Upande wa jiko, rangi ya kijani bado ipo. Niliikwangua kwa ukucha. Tukavuka hadi kwenye msumeno. Huko boriti zimekuwa majivu. Fundi akachimbua ukuta ulio nyuma yake, akakuta nyaya zimeyeyuka zikawa matonge ya shaba. Akasema moto ulizaliwa humo ukutani, ukatembea kwenda kwenye jiko, haukutoka kwenye jiko. Mke wa tajiri akamwuliza tena, kwa sauti ya kumtisha. Akajibu vilevile.

Jiko uliliacha. Karakana hukuichoma. Yote mawili nimeyaona.

Mama

9 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo na gauni hilo la masizi?

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama. Ulipofika pa kusema sikuzima, nikakaa chini. Shangazi akadhani nimefiwa. Lakini hapo ndipo nilipoanza kukuamini. Ungeniletea mazuri matupu ningeshukuru, nikaendelea kutolala. Umenipa chungu kwanza, kwa hiyo na tamu nimeipokea kwa mikono miwili.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nitaanzia kwa tajiri, nimwambie kwa kinywa changu kwamba jiko nililiacha, na siku nyingine lingeweza kuwa ndilo la kuichoma karakana. Anifukuze au anirudishe, hilo ni lake.

Ombi langu ni moja. Wasiubomoe ukuta kwanza. Wenzangu waliokosa kazi kwa moto ule bado wananitaja vibaya, na wana haki ya kujua. Nataka waingie waone. Wasiniamini mimi, wala wasikuamini wewe.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima, gauni pia limetakata.

Ukuta upo. Mke wa tajiri ameweka kiti mlangoni tangu jana na anawaingiza watu mwenyewe. Bado hanisalimii vizuri. Wenzako wamekuja karibu wote. Anawaonyesha swichi kwanza, na wengi wakishaiona wanageuka kuondoka. Anawashika mkono. Hamruhusu mtu kutoka mpaka afike kwenye msumeno.

Njoo.

Mama