Nyama ya Shomari

Gongoni, Tabora
Novemba 1972

Kwa dada yangu Mwanajuma,

Shikamoo. Natumaini wewe, baba watoto na watoto hamjambo huko Ujiji, na mguu wako umepoa. Mimi mzima. Mvua zimechelewa, lakini nyumba yangu ningali ndani yake, na najua hilo ndilo ulilotaka kulisikia kwanza.

Nilikuandikia kwamba mume wangu Shomari alifariki kwa kidonda cha paja. Sikukueleza kilitoka wapi, maana uchungu ulinizidi. Alikuja hapa daktari mgeni, Anton, akapanga nyumba ya utafiti nje ya mji. Alitaka kujua mwili unavyoitumia sukari, na alitafuta wajukuu wa wapagazi, wale waliobeba pembe kutoka huko kwenu hadi Bagamoyo. Alisema anahitaji kipande kidogo tu cha nyama ya paja, aikuze ndani ya chupa. Shomari babu yake alikuwa mpagazi, na aliyempeleka ni mdogo wake, Lukumani. Yeye naye ni mjukuu wa mpagazi huyohuyo, lakini paja lake alilisitiri. Alijua vidonda vya kaka yake haviponi upesi, akamficha daktari jambo hilo, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa kazi. Yeye akapata kazi, mimi nikapata kaburi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuilisha ile nyama, na kweli ilikua. Lukumani akavimba kichwa. Kila baraza, hata dukani kwa Yusufali akienda kununua mafuta ya taa, alitamba kwamba kaka yake hajafa, yu hai chupani, na yeye ndiye anayempa chakula.

Arobaini ilipopita akaja na wazee na sheikh kudai nyumba. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo fungu kubwa ni lake, na sheria siipingi. Lakini udongo wa nyumba hii niliukanyaga kwa miguu yangu. Nikamwuliza mbele ya wazee anamrithije mtu ambaye bado anamlisha. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Sheikh alisema chupa si mtu na Shomari tumeshamzika, ila akamwagiza Lukumani aende kwanza akayafute maneno yake mjini, ndipo arudi tugawane. Mdomo ulimponza.

Kabla hajarudi, nyama ikaoza. Daktari akamfukuza. Unaujua mji wetu: ukasema amemmaliza kaka yake ili arithi. Watani hawakumwacha. Akipita sokoni wanajitupa chini wanalia, wanamwuliza matanga yako wapi, wanamwimbia kwamba muuaji harithi. Ameshindwa kuinua uso. Amejiandikisha kijiji cha ujamaa huko Puge, na kwa sheikh ametuma neno kwamba nyumba hana haja nayo tena.

Sasa dada, hapa soma ukiwa peke yako. Lukumani hakuiua ile nyama. Ni mimi. Nilijifanya nimesamehe, nikampelekea ugali na mlenda, nikamwomba anionyeshe mume wangu. Akaiweka chupa kwenye darubini ya kutazamia vitu vidogo, akatoka kunawa mikono. Nilitazama. Nyama ilikuwa inashtukashtuka, vilevile Shomari alivyokuwa akishtuka usingizi unapomchukua. Nikamwomba Shomari radhi. Lukumani mwenyewe alikuwa amewahi kutamba kwamba uchafu wa kidole kimoja unatosha kuiozesha. Nikafungua, nikatia kidole, wala sikukitoa haraka.

Nasikia huko Puge analalamika kuwa amesingiziwa. Ni kweli, amesingiziwa, na mimi naona raha. Kosa alilolitenda hakuna aliyemwuliza. Basi na alijibie lile ambalo hakulitenda. Kinachoniuma ni kimoja tu, dada. Maji ya chupa ile yalikuwa na joto la mtu.

Wakubwa wa hapo niamkie, wadogo nibusie, na barua hii itie motoni.

Ni mimi mdogo wako,
Kuluthumu binti Abasi